Hali na Njia: Somo la Nishati katika Ukanda wa Dhahabu

Themodinamiki ni tawi la sayansi linalochunguza jinsi nishati inavyohama na kubadilika kati ya kitu na mazingira yake. Hesabu zake zote zimesimama juu ya mgawanyo mmoja. Kuna viasi vinavyotegemea hali ya kitu kwa wakati uliopo tu: halijoto, kanieneo ambayo mafundi huiita presha, ujazo, nishati ya ndani, enthalpi (nishati ya ndani ukiongeza presha mara ujazo) na entropi. Hivyo ni viasi vya hali. Kisha kuna joto na kazi. Hivi viwili havikai ndani ya kitu. Huvuka mpaka wake wakati mabadiliko yanapotokea, na ukubwa wake hutegemea mabadiliko hayo yamefuata njia gani. Hivyo ni viasi vya njia. Asiyeutambua mgawanyo huu anaweza kuzikariri kanuni zote, na bado akashindwa kueleza kwa nini mashine mbili zinazotoa kitu kilekile hazili mafuta sawa.

Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa kati ya Kigongo na Busisi, likikatiza Ghuba ya Mwanza kwa urefu wa takriban kilomita 3. Ufunguzi huo ulimrudishia mwandishi wa makala haya kumbukumbu za miaka aliyoishi akienda na kurudi kati ya Shinyanga na Geita, kwanza akiwa mwanafunzi, baadaye akiwa fundi wa mitambo ya wachimbaji wadogo. Wakati huo msafiri wa kutoka Shinyanga mjini alikuwa na njia mbili za kawaida: kupita Kahama na Kakola, au kushika barabara ya Mwanza hadi njiapanda ya Usagara, akavuka kwa kivuko Kigongo, kisha Busisi, Sengerema na Geita. Tofauti ya mwinuko kati ya miji hiyo miwili ni ileile, msafiri apite huku au kule. Hiyo inalingana na kiasi cha hali. Saa alizokaa barabarani, nauli, dizeli iliyoteketea na foleni ya kivuko vinalingana na viasi vya njia. Daraja halikuisogeza Geita hata hatua moja. Limebadilisha kinachotolewa ili kuifikia.

Mfano wa barabara huonyesha sura ya jambo, lakini hauthibitishi kitu. Uthibitisho ulianzia maabara ya shule ya sekondari mkoani Shinyanga, katika kidato cha tano. Mwalimu wa fizikia aliingia darasani na vyombo viwili, kila kimoja kikiwa na lita moja ya maji. Vyote viwili vilianza na nyuzi 25 na sasa vilikuwa na nyuzi 60. Alieleza kwamba kimoja kilipashwa kwa moto wa jiko, na kingine kwa hita ya umeme iliyochovywa ndani ya maji. Kisha akawataka wanafunzi wapime watakavyo na kusema kipi ni kipi. Kipimajoto hakikusaidia, mizani haikusaidia, na hakuna kipimo kingine ambacho kingesaidia.

Somo lilikuwa hilo. Nishati ya ndani ya maji katika kila chombo ilikuwa imeongezeka kwa karibu kilojouli 146. Katika chombo cha kwanza ongezeko hilo liliingia kama joto, yaani kwa sababu ya tofauti ya halijoto kati ya moto na maji. Katika cha pili, ukihesabu hita kuwa sehemu ya mfumo, kilichovuka mpaka ni kazi ya umeme. Maji yaliyokwisha kupashwa hayana joto ndani yake na hayana kazi ndani yake. Yana nishati ya ndani, na hiyo haisemi ilikotoka. Mwingereza James Joule alilionyesha hilo katika miaka ya 1840, alipopandisha halijoto ya maji kwa kuyakoroga kwa mapanga yaliyozungushwa na uzito unaoshuka, bila moto wowote. Kutokana na majaribio ya aina hiyo ikasimama kanuni ya kwanza ya themodinamiki: badiliko la nishati ya ndani ni jumla ya joto lililoingia na kazi iliyofanywa juu ya mfumo. Upande mmoja wa mlinganyo kuna kiasi kimoja cha hali. Upande wa pili kuna viasi viwili vya njia. Kila kimoja peke yake kinaweza kubadilika njia ikibadilika. Jumla yake haibadiliki.

Hatua ya pili ya somo ilikuja chini ya ardhi. Ukanda huu wa dhahabu una migodi mikubwa ya aina mbili. Mgodi wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, ulijulikana kwanza kwa mashimo yake ya wazi. Bulyanhulu, ulioanza 2001 katika eneo la Kakola, ni wa chini ya ardhi tangu mwanzo. Katika ziara ya mafunzo kwenye mgodi wa chini, wanafunzi walitarajia kuambiwa kwamba hewa ya kule ni ya moto kwa sababu ya mwamba na mashine. Mwamba kweli huongeza joto kadiri mtu anavyoshuka, na injini za dizeli huongeza lake. Lakini mhandisi wa hewa aliyewaongoza alianza na sababu nyingine. Hewa inayoshushwa kutoka juu hubanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake. Kwa kubanwa huko peke yake, halijoto ya hewa kavu hupanda kwa karibu nyuzi 9.8 kwa kila mita 1,000 za kina, hata kuta za mgodi zingekuwa baridi kama za kisima.

Hapo ndipo halijoto na joto zilipoachana katika akili za wengi. Halijoto ilipanda bila joto lolote kuingia. Kinyume chake kinaonekana jikoni Geita kila siku. Kwa kuwa mji uko juu sana ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Yakishafika hapo, moto huendelea kuyapa joto jingi na kipimajoto hakisogei, kwa sababu joto hilo linatumika kuyageuza kuwa mvuke. Halijoto ni kiasi cha hali, joto ni kiasi cha njia. Kusema kitu kina joto jingi kwa maana ya halijoto ya juu hakuna ubaya katika mazungumzo. Katika hesabu kunaharibu kila kitu kinachofuata.

Somo kubwa zaidi lilitoka kwenye kompresa. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo, hewa iliyobanwa ndiyo inayoendesha mashine za kutobolea mwamba ndani ya maduara, yaani mashimo yao ya uchimbaji. Kompresa hukaa juu, mpira wa hewa hushuka chini. Mmiliki mmoja wa maduara mkoani Geita alikuwa na kompresa mbili, na alimwita fundi akiwa na swali lisilohusu ubovu. Zote mbili zilijaza tangi hadi presha ileile, na hewa ikipoa ndani ya tangi ilikuwa na halijoto ileile. Mashine za kutobolea hazikuona tofauti. Lakini moja ilikula dizeli nyingi zaidi kuliko nyingine kwa hewa ileile. Mmiliki alitaka kujua nishati ya ziada ilikuwa imekwenda wapi, kama haikuwa ndani ya hewa.

Jibu liko kwenye hesabu, na inafaa ifuatwe kwa utaratibu. Chukua kilo moja ya hewa kwenye presha ya baa 1 na nyuzi 27, uifikishe baa 7 na nyuzi 27. Mwanzo umefungwa, mwisho umefungwa. Njia ni nyingi, na tatu zinatosha kuonyesha jambo. Katika njia ya kwanza hewa inabanwa kwa mkupuo mmoja, upesi kiasi kwamba joto halipati nafasi ya kutoka. Halijoto yake hupanda hadi karibu nyuzi 250, kisha hewa inapoa ndani ya tangi. Hata bila msuguano wowote, kazi inayohitajika ni takriban kilojouli 224. Katika njia ya pili hewa inabanwa nusu ya safari, inapozwa hadi nyuzi 27, halafu inamaliziwa katika silinda ya pili. Kazi hushuka hadi takriban kilojouli 193. Njia ya tatu ni ya kuibana polepole sana huku joto likiondolewa muda wote ili halijoto ibaki nyuzi 27 tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna mashine inayofikia hali hiyo kikamilifu, lakini hesabu yake inatoa mpaka wa chini: takriban kilojouli 168.

Kazi ya njia ya kwanza inazidi ile ya tatu kwa theluthi moja, na hewa mwishoni haina tofauti hata chembe. Kompresa ya mmiliki iliyokula dizeli nyingi ilikuwa ya silinda moja. Nyenzake ilikuwa ya hatua mbili, yenye kipozeo katikati. Nishati ya ziada haikuwa ndani ya tangi. Ilikuwa imetoka kwenye mapezi ya silinda na ukuta wa tangi kama joto, ikapasha hewa ya Geita. Jambo la kutazamwa kwa makini ni kwamba katika kila njia joto lililotoka lilikuwa sawa na kazi iliyoingia. Hewa katika presha za namna hii hujiendesha karibu kama gesi bora, na enthalpi ya gesi bora hutegemea halijoto tu. Halijoto ilianza nyuzi 27 na ikaishia nyuzi 27, kwa hiyo badiliko la enthalpi ni sifuri. Joto lilikuwa 224, au 193, au 168. Kazi ilikuwa vivyo hivyo. Tofauti kati yake ilikuwa sifuri mara zote tatu.

Hesabu hiyo inaibua swali gumu zaidi, na mmiliki yule hakukawia kuliuliza. Kama kazi yote imetoka kama joto, na enthalpi ya hewa haikuongezeka, basi mashine ya kutobolea inaendeshwa na nini? Kwa gesi bora, nishati ya ndani ya kilo moja ya hewa iliyobanwa na kupozwa ni ileile ya kilo moja ya hewa ya nje. Anayelipia hewa iliyobanwa hakununua nishati zaidi.

Alichonunua ni entropi pungufu. Entropi ni kiasi cha hali kilichopewa jina na Mjerumani Rudolf Clausius mwaka 1865. Clausius alikuwa ameona kwamba joto, ingawa ni kiasi cha njia, likigawanywa kwa halijoto kamili ya mfumo katika kila hatua ndogo ya njia isiyo na upotevu, jumla inayopatikana haitegemei njia. Kutoka kiasi cha njia akapata kiasi cha hali. Kwa hewa ya mfano wetu, kilojouli 168 za joto zilizotoka kwenye halijoto kamili ya 300, ambayo ni sawa na nyuzi 27, zinatoa upungufu wa entropi wa takriban kilojouli 0.56 kwa kila digrii. Upungufu huo ni uleule hata kama kompresa ilifuata njia ya gharama, maana ni wa hali. Hewa yenye entropi pungufu inaweza kuchukua joto kutoka katika mazingira na kuligeuza kuwa kazi inapotanuka. Ndiyo sababu hewa inayotoka kwenye mashine ya kutobolea ni ya baridi, na wachimbaji waliomo ndani ya duara huisikia usoni.

Usiku, mashine zinaponyamaza, kwenye viunganisho vya mipira husikika mlio wa hewa inayovuja. Mlio huo ni somo la entropi kwa vitendo. Kilo moja ya hewa inayovuja kutoka baa 7 hadi baa 1 huishia katika hali ileile ambayo ingefikia kama ingeendesha mashine na kurudi nyuzi 27. Entropi yake hupanda kwa 0.56 ileile. Tofauti ni kwamba kwa njia ya mashine kazi iliyoweza kupatikana inafika hadi kilojouli 168, na kwa njia ya tundu kazi iliyopatikana ni sifuri. Nishati haikupotea, kanuni ya kwanza imetimia. Kilichopotea ni uwezo wa kufanya kazi, na kanuni ya pili inasema haurudi wenyewe. Kwenye eneo lile kuziba mivujo kulipunguza dizeli zaidi kuliko ukarabati wowote wa injini.

Kutoka kwenye maduara dhahabu huenda kwa sonara, na huko mgawanyo wa hali na njia huvaa sura nyingine. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064. Kupasha gramu 100 za dhahabu kutoka nyuzi 25 hadi hapo na kuziyeyusha kunahitaji karibu kilojouli 20 tu. Gramu moja ya kaboni safi ikiungua kabisa hutoa zaidi ya hapo. Lakini sonara mmoja wa mjini Geita, aliyemruhusu mwandishi akae karibu na jiko lake la mkaa na feni, alikuwa na debe zima la mkaa pembeni kwa ajili ya siku ile.

Kwa haraka mtu angesema: tazama, joto ni kiasi cha njia, ndiyo maana mkaa ni mwingi. Hapo panahitaji uangalifu. Joto lililoingia ndani ya dhahabu lenyewe lilikuwa kilojouli 20 kwa jiko lolote lile, kwa sababu dhahabu ilipashwa kwenye presha moja isiyobadilika, na katika hali hiyo joto linakuwa sawa na badiliko la enthalpi. Njia ikishafungwa kwa sharti kama hilo, kiasi cha njia hupata thamani ya kiasi cha hali. Mkaa wa ziada ulipasha chungu cha kuyeyushia, kuta za jiko na hewa iliyopulizwa na feni. Ulikuwa nje ya mfumo uitwao dhahabu. Kabla ya kusema njia imegharimu nini, ni lazima kusema mfumo ni upi.

Mkaa wenyewe ulifundisha kanuni ya Hess, iliyotangazwa mwaka 1840 na Germain Hess, mkemia aliyefanya kazi St. Petersburg. Gramu 12 za kaboni zikiungua moja kwa moja hadi kuwa kaboni dayoksaidi hutoa kilojouli 393.5. Zikipitia kaboni monoksaidi hutoa kwanza 110.5, halafu gesi hiyo ikiungua hutoa 283.0. Jumla ni 393.5. Njia mbili, jibu moja, kwa sababu enthalpi ni ya hali. Jiko lisilopata hewa ya kutosha huacha sehemu ya kaboni kwenye hatua ya kwanza, na ikiishia hapo hutoa asilimia 28 tu ya nishati ambayo ingeweza kutoka. Upungufu huo hauvunji kanuni ya Hess. Mwisho ndio haukuwa uleule. Na gesi iliyobaki njiani ni ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa.

Kituo cha mwisho cha kumbukumbu hizi ni zebaki. Kwa miaka mingi wachimbaji wadogo wa ukanda huu wamekamata chembe za dhahabu kwa zebaki, kisha wakaichoma ili dhahabu ibaki. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 hivi, na mvuke wake ni sumu kwa mapafu, figo na ubongo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Katika mafunzo yaliyofanyika kwenye mwalo mmoja, yaani mahali pa kuchenjulia dhahabu, mkufunzi alichoma sehemu moja ya mchanganyiko kwenye kikaango cha wazi na nyingine ndani ya retoti, chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba linalopozwa kwa maji. Dhahabu iliyobaki ilikuwa ya namna moja katika vyombo vyote viwili. Mchimbaji mmoja alisema basi hakuna tofauti.

Kwa dhahabu peke yake alikuwa sahihi: mwanzo mmoja, mwisho mmoja. Kwa zebaki hali ni nyingine. Ndani ya retoti kila gramu ilichukua karibu kilojouli 0.3 ili iwe mvuke, ikazirudisha kwenye maji ya bomba, ikatoka ikiwa kimiminika kama ilivyoingia. Ilikamilisha mzunguko, na katika mzunguko kamili kila kiasi cha hali hurudi pale kilipoanzia: nishati ya ndani, enthalpi, entropi. Kwenye kikaango mzunguko haukufungwa. Zebaki iliishia hewani, kwenye mavumbi na ndani ya miili ya waliosimama karibu. Retoti haiondoi hatari yote, na suluhisho la kweli ni kuachana na zebaki. Lakini inaonyesha kwamba matokeo ya njia hayaishii ndani ya bidhaa. Yanaandikwa kwenye mazingira.

Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, na tangu hapo mchimbaji ana mahali panapojulikana pa kupimiwa dhahabu yake. Vipimo ni uzito na usafi, na vyote viwili ni sifa za hali. Mzani hauoni kama hewa iliyotoboa mwamba ilibanwa kwa hatua moja au mbili, kama mipira ilivuja usiku kucha, kama mkaa uliungua kabisa, au kama mvuke wa zebaki ulinaswa. Bei hulipa mwisho. Gharama zote za njia hubaki kwa mchimbaji, kwa jirani yake na kwa ardhi.

Kwa hiyo, anayenunua kompresa, jiko au mtambo wa kuchenjulia asiulize tu unatoa nini. Aulize unatumia kazi kiasi gani, joto linakwenda wapi na nani anayelipokea. Na walimu wa kidato cha tano na sita katika mikoa hii wanao mfano ulio hai nje ya geti la shule. Wawapeleke wanafunzi kwenye kompresa, wawape kipimajoto na saa, wawaache wahesabu. Tofauti kati ya hali na njia hueleweka vizuri zaidi pale ambapo mtu anailipia.